Kusikilizwa na Kusikilizana: Amri ya Ulinzi na Lugha ya Mahakama katika Historia ya Kiswahili



Nawashukuru walionialika kutoa mhadhara huu. Naamini baadhi yenu mlitarajia kwamba mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake katika mofolojia ya kitenzi angekuja kuzungumzia mofolojia ya kitenzi. Nitafanya hivyo, ila kwa kuzunguka kidogo, kwani nitapitia mahakamani. Mada yangu ni amri ya ulinzi, yaani amri inayotolewa na mahakama kumzuia mtu asimdhuru, asimtishe, asimfuatefuate wala asimsogelee mtu wa nyumba yake au aliyewahi kuwa wa nyumba yake; pamoja na namna ombi la amri hiyo linavyosikilizwa. Mada hii kwa kawaida huachiwa wanasheria. Nimeichukua kwa sababu naona kwamba sehemu ya ugumu wake haimo katika sheria, imo katika lugha ambayo sheria hiyo inasemewa, na lugha hiyo ni yetu.

Tuanze na kitenzi kimoja. Kutokana na -sikia tunapata -sikiliza, na kutokana na -sikiliza tunapata -sikilizwa, kauli ya kutendwa, na -sikilizana, kauli ya kutendana. Kimaumbo, vitenzi hivi viwili vinatofautiana kwa kiambishi kimoja tu. Mahakamani umbali baina yao ni mkubwa mno. Anayesikilizwa ana jambo la kusema, na yuko mwingine mwenye wajibu wa kulipokea na kulitolea uamuzi. Wanaosikilizana wamekwisha kuelewana. Hawahitaji uamuzi wa mtu yeyote. Mke anayefika mbele ya hakimu kuomba alindwe anaomba asikilizwe. Kwa muda mrefu wa historia ya mabaraza yetu, jibu alilokuwa tayari kulipata ni hili: nendeni mkasikilizane.

Jibu hilo halikutokana na ubaya wa mioyo ya mahakimu peke yake. Lina historia yake.

Baraza na shauri

Kila aliyekaa katika miji ya pwani anaijua baraza: ile kingo ya mawe au ya udongo nje ya nyumba ambapo wanaume hukaa jioni, hunywa kahawa na kuongea. Ndani kuna ukumbi na vyumba, na nyuma kuna ua, na huko ndiko mambo ya familia yanakofanyika na ndiko wanawake wanakokaa kwa faragha. Mahali pa kukalia pakawapa jina wanaokaliapo, kisha jina likapewa mkutano, kisha chombo cha maamuzi. Leo tunalo Baraza la Mawaziri, Baraza la Wawakilishi, na Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Hili la mwisho ndilo lenye kejeli kidogo, kwa maana kwa mpangilio wa nyumba ya Mswahili, jambo la mke na mume ni la uani, na kulileta barazani ni kulitoa nje. Mwanamke anayesimulia barazani yaliyompata chumbani amevunja mpaka wa nyumba kabla hajafungua kinywa.

Neno la pili ni shauri. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutaka rai ya mwenzako, na ukoo wake katika Kiswahili ni mkubwa: ushauri, mshauri, -shauri, -shauriana. Hata tunaposema "shauri yako" tunamwachia mtu rai na matokeo yake kwa pamoja. Neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa kesi iliyo mbele ya mahakama: shauri la madai, shauri la jinai, kusikilizwa kwa shauri. Kiingereza kina neno moja kwa nasaha na jingine kwa kesi. Kiswahili kimeyabeba yote mawili katika chombo kimoja, na mpaka leo anayekwenda "kupeleka shauri" hajaambiwa na neno lenyewe kama atarudi na nasaha au na hukumu.

Wajerumani walipoitawala Tanganyika walilichukua neno hilo jinsi lilivyo. Katika maandishi yao linaonekana kwa tahajia ya Schauri, likiwa na maana ya kikao ambacho mtawala wa wilaya, akiwa na liwali au akida na mkalimani, alisikiliza malalamiko ya watu bomani. Kikao hicho kilichanganya mambo mengi: kodi, mipaka ya mashamba, ng'ombe aliyepotea, mke aliyekimbilia kwao. Tusisahau pia kwamba boma hilohilo ndilo lililotandika watu viboko, kiasi kwamba "hamsa ishirini" ikabaki katika kumbukumbu za wazee kama jina la enzi ile. Serikali iliyotekeleza hukumu zake kwa kiboko haikuwa na mdomo mzuri wa kumwambia mume asimpige mkewe. Waingereza, walipopanga mahakama za wenyeji katika miaka ya 1920, waliziachia mila ziamue mambo ya ndoa, na mila jinsi zilivyoelezwa na wazee waliokaa barazani.

Sisemi kwamba usuluhishi ni jambo baya. Aya ya 35 ya Sura An-Nisaa inaagiza mwamuzi mmoja kutoka upande wa mume na mmoja kutoka upande wa mke pale panapohofiwa farakano, na karibu kila kabila la nchi hizi lina njia yake ya kuwaketisha wazee wa pande mbili. Mashauri mengi ya ndoa ni ugomvi wa watu wawili wenye nguvu zinazokaribiana, na hao kusikilizana kunawafaa. Ninalosema ni kwamba lugha ya suluhu ilipata mamia ya miaka ya kukomaa, ikawa na istilahi, methali na adabu zake. Lugha ya ulinzi haikupata muda huo.

Masuria wa mwaka 1897

Hata hivyo, lipo tukio moja la zamani ambalo wanahistoria wa utumwa wanalijua vizuri na wanasheria wa familia hawalitaji, nami napenda tulitulie kidogo.

Unguja na Pemba zilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890. Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Muhammed alitoa tamko la kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa. Tangu hapo mtumwa aliyetaka uhuru aliweza kwenda mbele ya mahakama ya wilaya na kuudai. Lakini tamko hilo liliwatenga masuria. Kwa mujibu wake, suria alihesabiwa kuwa mtu wa ndani ya nyumba sawa na mke, na alitakiwa kubaki katika hali aliyokuwamo. Isipokuwa pale ambapo yeye mwenyewe angeomba uhusiano huo uvunjwe kwa sababu ya ukatili, na mahakama ikaridhika kwamba ukatili huo umethibitishwa. Mpango huo ulidumu mpaka 1909, lilipotolewa tamko jingine lililowapa masuria nao haki ya kuondoka.

Kwa miaka kumi na miwili, basi, katika visiwa hivi kulikuwa na kundi la wanawake ambao njia yao kuu ya kisheria ya kutoka ilikuwa kusimama mbele ya hakimu na kuthibitisha ukatili wa mwenye nyumba. Mtumwa wa shambani hakuhitaji kueleza alivyotendwa. Kwake ilitosha kuomba. Suria ilimbidi asimulie. Maswali yaliyomkabili ndiyo yanayomkabili mwombaji wa amri ya ulinzi hadi leo: ukatili ni nini? Kipigo kimoja kinatosha? Nani ameona, ikiwa mambo yalitendeka ndani? Na akirudishwa nyumbani baada ya kusema hayo, usiku huo atalala wapi?

Angalieni pia neno himaya. Kiarabu chake ni ulinzi, na lilitumika kwa hali ya nchi nzima iliyowekwa chini ya ulinzi wa dola ya kigeni. Nchi ilikuwa na himaya. Mwanamke ndani ya nyumba alihesabiwa kuwa na yake tayari, ya mwenye nyumba. Tamko la 1897 lilikiri kwa kipengele kimoja tu, na kwa shingo upande, kwamba anayelinda anaweza kuwa ndiye anayestahili kuzuiwa. Kukiri huko ndiko msingi wa amri ya ulinzi ya kisasa. Kwa mtazamo wangu, historia ya somo hili katika lugha yetu inaanzia hapo, na inaanza miaka mingi kabla ya sheria ambazo kwa kawaida tunazitaja kuwa za kwanza.

Sheria ya Ndoa ya 1971

Nchini Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 ilifanya mambo mawili yaliyovutana. Katika kifungu cha 66 ilitamka kwamba, hata kama mila inasema vingine, hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo. Kwa wakati wake lilikuwa tamko zito. Sheria hiyohiyo iliipa mahakama uwezo wa kumwamuru mtu aache kumbughudhi mwenzi wake au aliyekuwa mwenzi wake na kujilazimisha kuwa naye, ama wakati shauri la ndoa likiendelea ama baada ya talaka au utengano kutolewa. Hii ni amri ya ulinzi kwa maana halisi, ingawa haikupewa jina hilo, na ilifungamanishwa na shauri jingine: asiyekuwa na shauri la ndoa mahakamani hakuwa na mlango wa kuingilia.

Na mlango wa shauri la ndoa wenyewe ulikuwa na kizingiti. Kifungu cha 101 kinamtaka anayeomba talaka kwanza alipeleke suala lake kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na maombi yake yaambatane na hati ya Baraza inayosema kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Mwaka na mwaka wanafunzi wa sheria hukumbushwa kwamba kifungu hicho kina misamaha yake, ukiwamo wa mazingira ya pekee yasiyowezesha suala kupelekwa huko. Katika mazoea, msamaha husomwa na wachache, kizingiti hujulikana na wote.

Katika miaka ya 1980, nikiwa bado kijana na nikikusanya data kwa ajili ya tasnifu isiyokuwa na uhusiano wowote na sheria, nilipata ruhusa ya kuketi katika vikao vya baraza moja la namna hiyo. Nilikwenda kusikiliza vitenzi. Sitataja mji wala watu, na mifano nitakayotoa nimeitunga mwenyewe kwa kufuata mkondo wa niliyoyasikia. Mwanamke alisema kwa vitenzi vyenye nafsi mbili, ya mtenda na ya mtendwa: "alinivuta," "akanigonga ukutani," "akanifungia nje." Mwenyekiti, mzee mpole wala si mtu wa dhuluma, alirudia maelezo hayo kwa ajili ya mwandishi wa baraza: "Kwa hiyo mligombana." Mwandishi akaandika kwamba wanandoa waligombana. Kutoka "alinigonga" hadi "waligombana" hakuna uongo uliosemwa. Kumebadilika kitenzi, na pamoja nacho kiambishi. Kitenzi kimepoteza mtenda wake na mtendwa wake, vyote viwili vikaingizwa katika -an-, na katika -an- kila mmoja ni mtenda na kila mmoja ni mtendwa.

Mtu akitazama msamiati mzima wa usuluhishi ataikuta kauli hiyo kila mahali: gombana, kosana, patana, sameheana, vumiliana, sikilizana. Suluhu haiwezi kusemwa bila kauli ya kutendana, maana suluhu yenyewe ni tendo la wawili. Amri ya ulinzi kinyume chake haiwezi kusemwa kwa kauli hiyo. Inahitaji sentensi sahili: fulani asimpige fulani. Ukisema "wasipigane" umeshaandika amri nyingine, inayowafunga wote wawili, na aliyekuja kuomba ametoka akiwa amezuiwa.

Nomino nazo zina sehemu yake. "Mgogoro wa ndoa" ni istilahi nzuri kwa kichwa cha faili, lakini mgogoro hauna mtu ndani yake. Ndoa ndiyo yenye mgogoro, kama kwamba ndoa ni kiumbe kilichougua.

Kuvumilia mbele ya kadhi

Upande wa Kenya, mtafiti Susan Hirsch alichapisha mwaka 1998 kitabu juu ya mahakama za kadhi za pwani, kilichotokana na usikilizaji wa muda mrefu wa mashauri ya Waswahili wa Mombasa na Malindi. Hoja yake inawagusa wanaisimu moja kwa moja: kwamba mume anatazamiwa kutamka na mke anatazamiwa kuvumilia, na kwamba mwanamke anayesimulia shida zake mahakamani anavunja matazamio hayo kwa tendo lenyewe la kusimulia. Lakini wanawake walikwenda, walisimulia, na mara nyingi walifanikiwa. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mwanamke wa pwani alinyamaza mpaka alipoletewa sheria mpya. Hakunyamaza. Alichokosa ni utaratibu wa kumlinda kati ya siku aliyosema na siku iliyotolewa hukumu.

Sheria ya Kenya ya 2015 na jinsi maombi yanavyosikilizwa

Utaratibu huo Kenya iliupata kwa sheria ya mwaka 2015, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani. Sheria za Kenya zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo majina ya Kiswahili ya mambo yaliyomo bado yanashindana, na mashindano hayo ndiyo yanayonivutia.

Mwenendo wake kwa ufupi ni huu. Mwombaji hupeleka maombi mahakamani na kueleza yaliyompata. Ikiwa kuchelewa kutamweka hatarini, mahakama inaweza kutoa amri ya muda kabla ya kumsikia anayelalamikiwa. Amri hiyo hupelekwa kwake rasmi, pamoja na siku ya kufika mahakamani. Siku hiyo pande zote mbili husikilizwa. Mashahidi huulizwa maswali. Na hakimu hupima kwa kipimo cha mashauri ya madai, yaani lipi kati ya maelezo hayo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli, na si kwa kile kipimo kizito cha jinai kinachodai pasiwe na shaka ya maana. Kisha ataithibitisha amri, au ataibadilisha, au ataifuta. Amri yenyewe inaweza kumkataza mtu kupiga, kutisha, kuharibu mali, kuingia katika makazi ya mwombaji au kumfuatilia. Anayeivunja anatenda kosa la jinai, ambalo adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi 100,000 au kifungo cha miezi 12, au vyote viwili. Ndipo penye nguvu ya chombo hiki: kinaanza kwa njia ya madai, iliyo nyepesi kuthibitisha, na kikivunjwa kinageuka kuwa jinai.

Ukatili wenyewe sheria hiyo imeupa mawanda mapana. Mbali na kipigo imeweka vitisho, unyanyasaji wa kiuchumi, ndoa za utotoni, ukeketaji, kurithi wajane kwa nguvu, na jambo moja ambalo kila ninapolisoma natabasamu kidogo, nalo ni kuingiliwa na wakwe. Mtunga sheria aliyeliweka hilo alizijua nyumba zetu.

Sasa tuyatazame maneno matatu ya mwenendo huo.

La kwanza ni kusikiliza upande mmoja. Mwanasheria anaposema kwamba amri ya muda imetolewa kwa kusikiliza upande mmoja, anaeleza hatua halali. Mswahili wa kawaida akisikia kwamba hakimu amesikiliza upande mmoja, anasikia shutuma, kwa kuwa katika lugha yetu hakuna kasoro ya mwamuzi iliyo kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo mume anayepokea amri anaanza kwa kuamini kwamba amedhulumiwa, na majirani watakubaliana naye. Lakini hatua hiyo haimnyimi haki ya kusikilizwa. Inaisogeza mbele kwa siku chache, na ndiyo maana amri ya namna hiyo hupewa uhai mfupi. Ningependa karani anayetoa hati aseme "amri ya kungojea usikilizwaji", ingawa ni ndefu, kwa maana inamwambia mpokeaji kwamba zamu yake inakuja.

La pili ni amri ya muda. Kwa matumizi ya kila siku, kitu cha muda ni kitu kisicho cha hakika: kazi ya muda, makazi ya muda. Mtu anaweza kuidharau amri kwa kosa la kivumishi. Kisheria, siku zote ambazo amri ya muda inaishi, inafunga sawasawa na ile ya mwisho.

La tatu ni lenyewe, amri ya ulinzi. Wengine husema hati ya ulinzi, wengine agizo la ulinzi, wengine zuio. Hati ni karatasi, ukiichana imekwisha. Agizo linanukia ofisi. Zuio ni zuri na fupi, na mahakama za Tanzania zinalitumia sana katika mashauri ya ardhi, lakini linamtazama anayezuiwa na kumsahau anayelindwa. Amri ya ulinzi ina nguvu ya mzizi wake, kwani anayeamuru hashauri. Baada ya karne ya mashauri, ni jambo jema kwamba kitu hiki hakikuitwa shauri. Udhaifu wake uko katika kile kihusishi -a, kisichosema nani analindwa na nani. Nimewahi kumsikia kijana akiuliza kwa dhati kama amri ya ulinzi ni ruhusa ya kuweka mlinzi getini.

Kumbukumbu za mahakama

Kwa upande wa Tanzania badiliko kubwa la karibuni ni la lugha yenyewe. Mahakama za mwanzo, zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 1963, zimeendesha mashauri yake kwa Kiswahili. Katika mahakama za juu yake, kwa miongo mingi shahidi alisema Kiswahili, hakimu akasikia Kiswahili, na mkono wake ukaandika Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria na kuweka Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiachiwa nafasi pale haki inapohitaji.

Wengi wamelishangilia badiliko hilo kwa sababu za utaifa. Nalishangilia kwa sababu ya -ka- na hu-.

Shahidi anaposema "alinivuta nywele, akanigonga, nikaanguka, akafunga mlango", ile -ka- inapanga matukio kama shanga kwenye uzi: hili baada ya lile, na mara nyingi hili kwa sababu ya lile. Kuanguka kumetokana na kugongwa. Hakimu aliyekuwa akiandika kwa Kiingereza, tena kwa mkono na kwa haraka, aliandika orodha ya vitendo, na uzi ukabaki kinywani mwa shahidi. Mahakama ya rufani ilisoma orodha.

Hu- ni jambo kubwa zaidi. Mwombaji wa amri ya ulinzi mara nyingi hasemi "alinipiga" bali "hunipiga". Karani au wakili aliyezoea jinai humkatiza: lini? Tarehe gani? Hati ya mashtaka ya jinai inataka tukio, na hu- haina tukio, ina mazoea. Tena haina hata kiambishi cha nafsi ya mtenda, ikawa rahisi kuiona ni usemi wa ovyo. Lakini amri ya ulinzi inatazama mbele, inauliza kama jambo hili litarudiwa, na hakuna ushahidi unaolijibu swali hilo vizuri kuliko mazoea. Katika kikao cha namna hii hu- ni ushahidi kamili. Kinachotakiwa ni kuuliza juu yake kwa utaratibu: huwa saa ngapi, hutanguliwa na nini, hufuatiwa na nini, nani huwapo. Tarehe mbili tatu zitajitokeza zenyewe kutoka katika majibu hayo. Anayeandika awe makini tu na irabu ya mwisho, maana "hunipiga" na "hunipigi" zimeachana kwa herufi moja, na nimeona nakala ambamo herufi hiyo iliandikwa vibaya.

Jina la anayeomba

Swali lililobaki ni dogo, nami sina jibu lake la mwisho. Mtu aliyetendewa ukatili tumwiteje? Mahakamani ni mwombaji, na hilo latosha. Nje ya mahakama, magazeti ya Tanzania huandika mwathirika, ya Kenya huandika mwathiriwa. Maneno haya hudhaniwa kuwa ni tofauti ya lahaja tu, kama vile sabuni ni ileile na duka ni jingine. Lakini mwathirika limetokana na kauli ya kutendeka, ile tunayoitumia kwa kikombe kilichovunjika na kamba iliyokatika, ambapo mtenda hatafutwi. Mwathiriwa limetokana na kauli ya kutendwa, ambayo mtenda wake yupo hata kama hakutajwa, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Wa mafuriko ni mwathirika. Wa kipigo cha mumewe, kwa sarufi, ni mwathiriwa. Katika kazi za wanafunzi wangu nimeanza kusahihisha hivyo, na wapo wanaonilalamikia kwamba nawafundisha Kikenya. Sikio langu lenyewe, lililokulia Tanga, bado linasitasita kila ninapolitamka.